Nyumba Isiyoonekana Kwenye Jedwali

Muhula uliopita, katika somo la uchumi wa maendeleo, mhadhiri alitupa makala moja tukaisome na kuijadili. Ilichapishwa mwaka 2017, waandishi wake ni wanne, Dean Karlan akiwa mmoja wao, na inahusu vikundi vya kuweka na kukopa katika nchi tatu: Ghana, Malawi na Uganda. Si kazi ya kitoto. Maeneo ya kuanzishiwa vikundi yalichaguliwa kwa kura, mengine yakaachwa yasubiri, kisha baada ya miaka miwili hadi mitatu watafiti wakarudi kuhesabu. Wakakuta watu wanaweka akiba zaidi na kukopa zaidi, biashara za wanawake zimechangamka, na kauli ya mwanamke ndani ya nyumba imepata uzito. Lakini walipofika kwenye matumizi ya kaya, yaani chakula na mahitaji mengine ya kila siku, wastani haukusogea.

Jamaa mmoja wa kiti cha nyuma akasema, "Kwa hiyo vikoba ni soga na chai ya Jumapili tu." Darasa likacheka. Na mimi nilicheka, maana alivyolitoa lilichekesha, ila moyoni nilikuwa nabishana naye. Nimekula kikoba, nimesomeshwa na kikoba, na nikirudi nyumbani likizo nalala chini ya bati lililonunuliwa na kikoba. Nikasema ipo siku nitaandika.

Nyumbani kwetu ni Mbande. Ukitoka Mbagala Rangi Tatu unapita Chamazi, halafu unafika. Mama yangu anakaanga samaki: alfajiri anakwenda Feri kununua, jioni anakaa barabarani na karai lake. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, akatuacha watoto watatu. Wakati huo tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mbagala, shilingi 35,000 kila kimoja kwa mwezi.

Asiyejua atasema 70,000 kwa mwezi inapatikana. Kweli, inapatikana. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba wa Dar hataki kodi ya mwezi, anataka ya miezi sita kwa mpigo. Kwa hiyo mama, ambaye hela yake inaingia kwa mia tano tano na elfu moja moja, mara mbili kwa mwaka alitakiwa awe na 420,000 mkononi siku moja. Kila siku hela inaingia, na kila siku inatoka: mkaa, maji, nauli, daftari, mgonjwa, msiba wa jirani. Wakati huohuo kodi, ada, kiwanja na bati vyote vinataka hela iliyokusanyika pamoja. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaikosa. Ukiiweka chini ya godoro, watoto wana njaa na wanajua godoro liko wapi. Ukiiweka kwenye simu, iko umbali wa kidole gumba. Na ndugu wakishajua unayo, ndiyo hivyo tena.

Zamani jibu lilikuwa upatu, na mama alicheza upatu kwa miaka. Mnachanga, kijumbe anakusanya, anampa mwenye zamu. Mwaka 2013 kijumbe wao, mtu aliyeaminika mtaa mzima, akaondoka na michango ya watu kumi na mmoja. Mama alikuwa bado zamu mbili afikiwe. Hakulia. Alinyamaza wiki nzima, na kwa mtu ninayemjua mimi, kule kunyamaza kulikuwa kubaya kuliko kilio. Upatu bado una uzuri wake, hata hosteli kwetu wako wanaoucheza bumu likitoka, lakini hela zote zinapita kwenye mkono mmoja, na kumbukumbu ni daftari la mkono huohuo.

Kikoba kimekaa vingine. Mfumo huu wa hisa na sanduku ulianzia Niger mwaka 1991, pale shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa upande wa Maradi, ukaitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara. Ukasambaa. Ulipofika kwetu ukaitwa VICOBA, benki za jamii za vijijini, na mjini tukaukata jina ukabaki kikoba.

Mama aliingia mwaka 2014. Wako 28, wote wanawake, wanakutana kila Jumapili saa kumi alasiri chini ya mwembe nyumbani kwa mama mwenyekiti. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nambebea kiti, kwa hiyo nimeona vikao vingi kuliko mtafiti yeyote. Kila mtu ana namba na anakaa kwa namba. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo wanashika wanachama watatu ambao si viongozi na wanakaa nyumba mbalimbali. Sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Kabla halijafunguliwa, mama mwenyekiti anauliza: "Wiki iliyopita tulifunga na ngapi?" Wote wanajibu kwa pamoja, mpaka ile mia ya mwisho. Wapo wasiojua kusoma vizuri pale, lakini hiyo namba wanatembea nayo wiki nzima kichwani. Hela inahesabiwa kwa sauti. Hisa moja ni 2,000, unanunua kuanzia moja hadi tano, na kila hisa ni muhuri mmoja kwenye kitabu chako. Mia tano inakwenda mfuko wa jamii kwa ajili ya magonjwa na misiba. Ukichelewa, faini. Simu ikiita, faini kubwa zaidi. Hapo mama alishapigwa faini kwa sababu yangu, nilimpigia kuuliza chumvi iko wapi.

Mkopo unapewa hadi mara tatu ya hisa zako, miezi mitatu, gharama asilimia 5 kwa mwezi, wadhamini wawili. Najua, wanauchumi wenzangu mmeshapiga mara 12 mmepata 60 na mmekunja uso. Lakini gharama hiyo hairudi kwa bosi wala kwa mwenye mtaji wa mbali. Inarudi kwenye sanduku lilelile, na Desemba wakivunja kikoba inagawanywa kwa hisa. Mama anajilipa mwenyewe na wenzake, na wenzake wanamlipa yeye.

Anayenunua hisa tano kila wiki anafikisha kama laki tano kwa mwaka. Mama hakufika huko kila wiki. Kuna wiki ya hisa mbili, kuna wiki ya moja, wiki za mvua ya masika ambapo Mbagala haipitiki na samaki hawauziki. Lakini mwaka 2015, kwa gawio la kwanza na mkopo juu yake, alilipia kiwanja Mbande kwa awamu mbili. Hatua 20 kwa 20, shilingi 1,800,000. Mkataba wa mauziano uliandikwa ofisi ya serikali ya mtaa kwa jina lake. Baba mdogo alishauri liandikwe jina la ukoo. Mama akamwambia asante kwa ushauri.

Halafu zikaja tofali. Mtu aliyezaliwa kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa hawezi kujua raha ya tofali. Kila mkopo ukilipwa na mwingine ukitoka, mama alinunua saruji na mchanga, fundi akafyatua palepale kiwanjani, tofali za inchi sita, tukazimwagia maji jioni tukirudi shule kwa siku saba ili zikomae. Kila kundi lilipangwa kwa safu na mama alizihesabu kama anavyohesabu hela. Nilimuuliza kwa nini asisubiri akusanye hela yote ajenge mara moja. Akanijibu, "Mwanangu, tofali halikopeki." Ndugu akija na shida yake unaweza kumpa 50,000 iliyoko kwenye kanga. Huwezi kumkatia tofali hamsini akapande nazo daladala.

Msingi ulikwisha 2016. Kuta zilipanda 2017. Mwaka 2018 ungepita pale usingeona badiliko lolote isipokuwa majani yaliyoota sebuleni, marefu mpaka kwenye dirisha. Dada yangu alifanyiwa operesheni mwaka huo. Mfuko wa jamii ulitoa laki moja, akina mama wakaja na unga na mchele, na mkopo uliokuwa uende kwenye lenta ukaenda hospitali. Sikumbuki mama akiita huko kurudi nyuma. Nyumba ilikaa, ikasubiri, haikuoza. Lenta ilimwagwa mwishoni mwa mwaka baada ya mgao.

Agosti 2019 akachukua mkopo mkubwa kuliko yote. Bati 36, mbao, misumari na fundi. Tukahamia Oktoba, wiki mbili kabla kodi ya miezi sita haijadaiwa. Msifikirie nyumba ya kwenye picha. Chini udongo, ndani hakuna mlango hata mmoja, tumetundika kanga, na madirisha mawili tumeyaziba kwa tofali za kupanga tu bila udongo. Mwezi uliofuata nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikijisomea kwa taa ya sola. Mvua ya kwanza ilivyopiga lile bati hatukuweza kusikilizana, na mama alikuwa anacheka peke yake.

Sasa turudi kwenye makala ya darasani. Chukua mtafiti mwenye dodoso lake, mlete kwetu mwaka 2014 na umrudishe 2017. Angekuta nini? Angekuta watoto wa muuza samaki wanakula dagaa. Angekuta nguo zilezile, hata pungufu. Kwenye safu ya matumizi, kaya yetu ingeonekana imeshuka, na ingekuwa kweli, tulikuwa tumeshuka. Tulikuwa tunakula kidogo kwa sababu tulikuwa tunajenga. Zile kuta zisizo na paa, kwenye hesabu ya chakula na mahitaji ya wiki, ni sifuri.

Sisemi watafiti wamekosea. Wamepima walichokipima, na wamesema wazi walichokikuta na wasichokikuta, jambo ambalo wanaouza mafanikio kwenye semina hawalifanyi. Na mimi sina kundi la kulinganisha. Nina mama mmoja. Kati ya wale 28, saba walikuwa na nyumba kabla ya kuingia, 12 wamejenga wakiwa ndani, tisa mpaka leo wanapanga. Wapo ambao kikoba kwao ni ada ya Januari na kitenge cha sikukuu, basi, miaka kumi. Ninachobisha ni urefu wa muda. Nyumba ya mtu wa kipato cha chini inachukua miaka mitano mpaka kumi, na faida yake inaanza kuonekana baada ya kuhamia.

Kwetu ilionekana hivi. Kodi ya 840,000 kwa mwaka ilikoma kutoka. Lakini kikubwa zaidi ni umeme. Tulikopanga, wapangaji sita walichangia LUKU moja, na mama alipotaja kuweka friza palitokea ugomvi hata kabla friza halijanunuliwa, nani atalipa uniti. Mwenye nyumba akakataa. Mwaka 2020 tulivuta umeme kwetu, tukapata mita yetu, na mwaka uliofuata mama akanunua friza la mtumba kwa mkopo wa kikoba. Muulize muuza samaki yeyote maana yake. Siku samaki wamejaa Feri na bei imeanguka, yeye ananunua na kuhifadhi. Siku bahari imechafuka na bei imepanda, yeye anazo. Hakwenda tena kila alfajiri, anakwenda mara tatu kwa wiki. Akaanza kuwauzia mama lishe wawili wa karibu. Biashara yake ilikuwa ileile, karai lilelile. Kilichobadilika ni kwamba alikuwa na ukuta wake wa kuchomekea plagi. Nilikuwa nadhani nyumba ni mwisho wa safari ya akiba, kumbe kwetu ilikuwa mtambo.

Tulikula samaki mwaka huo. Wadogo, lakini samaki.

Mwaka 2022 nikachaguliwa chuo. Mkopo wangu wa masomo ulifunika sehemu, ikabaki kama laki saba ya kutafuta kabla ya usajili. Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na mifuko 12 ya saruji ya kupiga plasta, tena saruji haingoji, ukichelewa inaganda. Sikuulizwa, na nashukuru sikuulizwa. Mama alimuuzia jirani mifuko yote kwa bei aliyonunulia, akachukua mkopo wa kikoba kwa kilichobaki, wadhamini wake wakiwa muuza maandazi na fundi cherehani ambao nawajua tangu nabeba viti. Miezi mitatu walikuwa wakinisalimu kwa namna ya pekee: "Msomi, unasoma?" Kwa Kiswahili cha kawaida hiyo ni salamu. Kwa Kiswahili cha kikoba maana yake ni kwamba mama yako akishindwa kurejesha, tunalipa sisi.

Hapo niseme na upande wa pili, kwa sababu kuna namna ya kusifia vikoba ambayo inanikera. Inawafanya akina mama waonekane malaika wanaocheza ngoma. Kikoba kinaminya. Mama mmoja alifiwa na mume, akakaa eda, biashara ikafa, na mkopo ulikuwa nje. Mfuko wa jamii ulimsaidia mazishi, na katiba yao ikaruhusu muda uongezwe mara moja. Muda ulipokwisha, wenzake wakaenda kukaa barazani kwake. Hawakutukana, walikaa tu, kumi hivi, kuanzia asubuhi. Sijui kama ningeweza kuvumilia. Akakimbilia moja ya zile kampuni za mikopo ya haraka, hizi tunazoziita kausha damu, akalipa kikoba ili apate heshima yake, na ndani ya miezi minne wale wa haraka wakaja na gari wakachukua kochi, televisheni na cherehani. Kikoba kilivunjika nusu kwa ugomvi wa nani alimsukuma. Waliobaki wakabadilisha katiba: sasa mjane anapewa miezi sita bila gharama. Ilibidi mtu aumie ndipo kipengele kiandikwe.

Nikisikia watu wanaweka kikoba na kausha damu kwenye kapu moja, eti yote ni mikopo ya akina mama, nakosa uvumilivu. Kwenye kikoba, aliyekukopesha anakaa mtaa wako na Jumapili mnakutana uso kwa uso. Anaweza kukubana, ameshakubana, lakini na wewe unaweza kusimama kikaoni ukadai katiba ibadilishwe. Ile kampuni haina mwembe wa kwenda kusimama chini yake.

Kuna kitu kimoja kikoba hakiwezi, na ndicho kinachoendelea nyumbani sasa hivi. Kiwanja cha 1,800,000 hakipo tena Mbande. Barabara imefika, maduka yamefika, na bei imekimbia kuliko hisa. Wale tisa wanaopanga wameweka akiba kwa uaminifu uleule kama mama yangu, wengine zaidi yake. Kosa lao ni kuingia kikoba 2018 badala ya 2014. Kila Desemba wanapata gawio, na kila Desemba kiwanja kimesogea mbele. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, ambayo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, ni ya biashara. Kikundi kimesajiliwa halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, daraja la nne, karatasi zote ziko sawa. Kusajiliwa hakuleti ardhi.

Njiani kuja kwetu, Chamazi, kuna jibu la namna nyingine, na wengi tunalipita na daladala bila kujua. Mwishoni mwa miaka ya 2000, upanuzi wa bandari uliwaondoa watu wengi Kurasini. Mwenye nyumba alikuwa na nyumba ya kulipwa fidia. Mpangaji hakuwa na cha kulipwa. Baadhi ya wapangaji hao walikuwa kwenye vikundi vya akiba vilivyounda shirikisho la maskini wa mijini, likisaidiwa na Centre for Community Initiatives. Waliunganisha akiba za vikundi, wakanunua ekari 30 Chamazi, wakaunda ushirika wa nyumba, wakafyatua tofali wenyewe, na fedha za kujengea zikaja kama mikopo kupitia mtandao wa kimataifa wa mashirikisho kama lao. Nyumba zilichorwa zianze ndogo, mtu aongeze baadaye akiweza. Haikuwa mteremko. Ukiwa unapikia vibarua bandarini kisha ukahamia Chamazi, umepata nyumba umewapoteza wateja, na marejesho hayajui kwamba umehama. Lakini ardhi walishaikamata, na walifanya hivyo wakiwa wengi, wakati hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza peke yake.

Mama aliyeleta wazo kikaoni ni mmoja wa wale tisa, muuza maandazi, mdhamini wangu. Kuna mzee anauza ekari moja upande wa Vikindu kwa milioni 15. Sanduku la mwaka jana lilifungwa na milioni 13 na kidogo, la mwaka huu litafika 15. Yaani mwaka mzima wa hela za wanawake 28 ni ekari moja kamili. Hoja yake: Desemba hii tusivunje. Tununue ekari, ikatwe viwanja tisa, na wale tisa warejeshe kidogo kidogo.

Mnaona mzigo ulipo. Wenye nyumba 19, mama yangu akiwemo, wanaombwa waache gawio lao lote kwa ajili ya watu tisa. Na Januari iko palepale na ada zake, sare, viatu, michango. Mama mmoja alisimama akasema hakuna aliyemchangia yeye alipokuwa anajenga. Mwingine akamjibu kwamba mkopo wake wa bati ulitoka kwenye hisa za nani? Kikao kikavunjika saa moja usiku bila kunywa chai, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nikapigiwa simu hosteli. "Wewe si unasoma mahesabu haya? Tupigie." Nikakaa na karatasi. Milioni 15 kwa watu tisa ni 1,666,667 kila mmoja. Wakirejesha kwa miaka mitatu, wiki 156, ni karibu 10,700 kwa wiki, sawa na hisa tano na mia saba juu. Maana yake kwa miaka mitatu hawatanunua hisa, watanunua ardhi, huku wakiendelea kulipa kodi ya pango. Nikaandika pia ambayo hayakuulizwa: gharama ya kupima, njia ya kupita gari, jina gani litakaa kwenye mkataba siku ya kwanza, na nini kitatokea mmoja wao akifariki katikati. Yule aliyekaa eda ndiye aliyenifundisha kuuliza hilo la mwisho.

Wikendi nikaenda nyumbani kumsomea mama. Alisikiliza huku anaparua samaki, kisu kinakwenda bila yeye kukiangalia. Nilipomaliza nikamuuliza yeye anaona vipi. Ukweli ni kwamba gawio la mwaka huu tayari lina kazi: plasta ya vyumba viwili, ile iliyouzwa 2022, na mdogo wangu anaingia kidato cha tano. Hakunijibu. Akaniuliza, je, wale tisa wakipewa miaka minne badala ya mitatu?

Nikapiga palepale kwenye simu. Wiki 208. Elfu nane na kidogo.

Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua kitabu chake cha hisa juu ya friza, akageuza nyuma ambako hakuna mihuri, akaandika 8,000. Kikao ni Jumapili ijayo.